Wazee kuanguka: maswali yanayoulizwa sana na watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani zao

Haya ndo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaokaa na wazazi wao, bibi au babu, na wengine ni wazee wenyewe wanauliza, iwe Mwanjelwa, Tukuyu, Mafinga, Ipogolo au kule juu Makete. Hayajapangwa kwa mpangilio wowote, soma unalolitaka. Ila kama mzee yuko chini sasa hivi, shuka moja kwa moja kwenye swali la "Ameanguka, nifanyeje?"

Kuanguka si ni uzee tu jamani?

Hapana. Uzee unaongeza nafasi ya kuanguka lakini kila anguko lina sababu yake, na mara nyingi sababu zenyewe zinakuja mbili tatu kwa pamoja: jicho lina mtoto wa jicho, mapaja yameisha nguvu, kidonge cha presha kimemezwa usiku, kandambili imelika soli, halafu nje kumenyesha. Ukiondoa hata mbili hapo mzee hakuanguka siku hiyo. Ndo maana familia inayosema "ah uzee huo" inamwona mzee anaanguka tena mwezi unaofuata, maana hakuna aliyetafuta kilichomwangusha.

Na sio jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, ni ya pili kwa vifo vya ajali baada ya ajali za barabarani, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Wenye zaidi ya miaka 60 ndo wanaoongoza. Sisi tunaogopa Coaster mlima Nyoka, tunasahau choo cha nyuma ya nyumba.

Mzee ni kuanzia miaka mingapi?

Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ni 60 kwenda juu. Ila kuna mtu wa 75 anapanda milima ya Rungwe na mzigo kichwani na kuna wa 58 mwenye sukari ambaye hasikii nyayo zake, kwahiyo usiangalie miaka tu.

Nitajuaje mzee wangu yuko kwenye hatari kabla hajaanguka?

Kwanza muulize, lakini muulize vizuri. Ukisema "bibi umewahi kuanguka?" atakwambia hajawahi, wazee wengi wanaficha kwa sababu wanajua wakisema tu watanyang'anywa jembe na funguo ya stoo. Muulize hivi: "bibi, tope hili mwaka huu limekushinda mahali?" utasikia stori yote. Aliyeanguka mara moja ndani ya mwaka ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena kuliko ambaye hajaanguka, hata kama hakuumia.

Pili mwangalie akitembea bila yeye kujua unamwangalia. Anashika ukuta na makochi? Anaburuza miguu? Akiitwa jina lazima asimame ndo ajibu? Akigeuka anageuka kwa vihatua vidogo vingi? Hizo zote ni dalili.

Tatu kuna vipimo viwili ambavyo hata mafizio (wataalamu wa mazoezi ya viungo) hospitali wanavitumia na havihitaji mashine. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani kisiteleze, mzee akae, akunje mikono kifuani, halafu asimame na kukaa, asimame na kukaa, kwa sekunde 30, wewe unahesabu. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufikisha mara 10, au mwanaume wa umri huo akishindwa kufikisha mara 12, miguu imeshapungua nguvu. Kama hawezi kuinuka hata mara moja bila kusukumia mikono basi jibu umeshalipata. Kipimo cha pili: akiwa amekaa, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, kwa mwendo wake wa kawaida. Ikifika sekunde 12 au zaidi, mpeleke akaangaliwe. Na wewe simama karibu yake muda wote, usikae mbali unashika simu ya kuhesabia muda tu mzee akaangukia kwenye kipimo cha kuanguka.

Wanaangukia wapi zaidi?

Huku kwetu swali la kwanza kuuliza ni njia ya kwenda choo usiku. Fikiria safari yenyewe: saa nane usiku, mzee ameamka kibofu kimejaa, ameinuka haraka kwa sababu anabanwa, kichwa bado kina usingizi, umeme umekatika au taa iko mlango wa pili, anafungua mlango baridi inampiga, anashuka ngazi mbili za mawe, uwanja una utelezi, choo kiko mita ishirini, akifika anatakiwa kuchuchumaa na kunyanyuka bila kitu cha kushika. Kila hatua hapo ina namna yake ya kumwangusha. Kwahiyo kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu mwaka huu, ifanye kwenye njia hii.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni ndoo yenye mfuniko chumbani, au poti. Najua wazee wengi wanaona aibu, hasa mbele ya wakwe na wajukuu, na hapo ndo busara inatakiwa, usimwambie mbele za watu, weka tu kimya kimya na asubuhi mtu mmoja awe na kazi ya kuitoa bila maneno. Cha pili ni mwanga, zile taa ndogo za sola ukiiweka moja mlangoni na nyingine chooni imeisha hiyo. Cha tatu ni njia yenyewe: mwaga changarawe au panga tofali zilizolala vizuri, piga nguzo mbili tatu na ubao wa kushika kutoka mlangoni hadi choo. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba zinakwenda hadi Aprili au Mei, na Rungwe ndo usiseme, kule ni kati ya sehemu zinazonyesha sana nchi nzima, kwahiyo njia ya udongo mtupu ni nusu mwaka ya utelezi. Fanya kazi hiyo kiangazi.

Chooni: kama ni cha kuchuchumaa, fundi seremala yeyote anakutengenezea stuli imara yenye tundu katikati, inakaa juu ya shimo, mzee anakaa kama kwenye kiti. Na ukutani funga bomba au ubao mgumu wa kushika, ufungwe kwenye tofali au nguzo, sio kwenye bati. Taulo au ndoo sio kishikio, ataivuta itakuja naye.

Ndani ya nyumba nirekebishe nini bila kutumia hela nyingi?

Toa vitu njiani. Waya wa chaji unaokatiza sebule, ndoo za maji koridoni, zulia lililojikunja kona, gunia la mahindi lililowekwa "kwa muda tu" tangu mavuno. Kizingiti cha mlango kipake rangi nyeupe kionekane. Vitu anavyotumia kila siku, chumvi, sukari, sufuria yake, dawa, viwe usawa wa kiuno hadi kifua ili asipande stuli wala kuinama chini ya kabati. Maji yakimwagika kwenye saruji laini yafutwe hapohapo. Na watoto wafundishwe kutoacha magari ya kuchezea na viatu mlangoni, japo hii ya watoto nayo utaisema kila siku.

Baridi ya Juni na Julai inahusika?

Sana, na watu hawaiongelei. Viungo vinakaza asubuhi, kwahiyo mzee asikurupuke kutoka kitandani, achezeshe kwanza vifundo na magoti akiwa bado ndani ya blanketi. Halafu mavazi: anavaa kitenge juu ya kitenge na shuka begani, ncha inaburuzika, anaikanyaga mwenyewe. Nguo za kutosha sawa ila ziishie juu ya kifundo. Soksi peke yake kwenye saruji iliyosiliba ni hatari, soksi iwe ndani ya kiatu.

Halafu jiko la mkaa chumbani. Njombe, Makete, Mufindi, hata Mbeya mjini, watu wanaingiza jiko wafunge mlango walale. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kabla haijaua inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na miguu kulegea, mzee akiamka kwenda nje anadondoka mlangoni. Ota moto jioni mlango au dirisha likiwa wazi, wakati wa kulala jiko litoke nje. Ukitaka kumpa joto kitandani weka maji moto kwenye chupa imara, funga vizuri, zungushia taulo.

Viatu gani vinafaa?

Kandambili hapana, hasa zilizolika. Kiatu kizuri kinafunga nyuma ya kisigino, soli ina meno, sio nene sana, na mguu hauchezi ndani. Raba za mtumba zinafaa sana na bei ni ya kawaida. Katambuga za tairi zenye mkanda wa nyuma nazo zinashika vizuri, wazee wetu walijua. Buti za mvua nzuri kwenye tope lakini zikiwa kubwa kuliko mguu zinamkwaza, na usiende nazo kwenye saruji iliyolowa.

Ukiwa hapo kwenye viatu angalia na miguu yenyewe. Kucha ndefu zilizojikunja, sugu, nyufa, funza, vidonda. Mwenye sukari ndo kabisa, akaguliwe nyayo kila siku kwa sababu anaweza kukanyaga msumari asisikie.

Bibi anasikia kizunguzungu kila akisimama, ni nini?

Mara nyingi presha inashuka ghafla anapoinuka. Kituo cha afya wanaweza kupima akiwa amelala, kisha akisimama ndani ya dakika 3, ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, basi ndo tatizo. Muombe mhudumu apime hivyo, usione aibu kuomba, maana kwa kawaida wanampima amekaa tu na presha inaonekana nzuri.

Nyumbani: aamke kwa vituo. Akae kitandani dakika moja mbili, achezeshe miguu, asimame ameshika kitu, ahesabu hadi kumi, ndo aondoke. Na anywe maji, wazee wengi hawanywi kwa sababu ya baridi au kwa sababu hawataki kuamka usiku kwenda choo, ambapo suluhisho ni anywe zaidi asubuhi na mchana na apunguze baada ya jioni. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza daktari kiasi cha maji.

Dawa zinaweza kumwangusha mtu?

Ndiyo, na hii inasahaulika kuliko zote. Dawa za usingizi na wasiwasi kama Valium zinaongoza, zinamwacha mtu amelewa hadi asubuhi. Piriton ambayo watu wanameza kwa mafua kama pipi inaleta usingizi na kuchanganya wazee. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, zikimezwa jioni zinamwamsha usiku mara nne. Dawa za sukari za kundi la glibenklamaidi, mzee akimeza halafu asile, sukari inashuka anatetemeka na kudondoka. Na kuna wazee wana dawa za hospitali tatu tofauti pamoja na walizonunua duka la dawa la mtaani pamoja na mizizi ya kuchemsha, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuziangalia zote kwa pamoja.

Fanya hivi: kusanya kila kitu anachomeza, vidonge, majani, unga, vyote kwenye mfuko mmoja, mpeleke navyo kliniki, uliza kila kimoja ni cha nini na kimezwe saa ngapi. Usimwachishe dawa ya presha kwa akili yako eti inamwangusha, presha ikipanda kiharusi nacho kinamwangusha, na huko kuinuka ni kazi.

Babu hawezi kuacha ulanzi wake, tufanyeje?

Hatusemi aache kama hataki. Ila ulanzi ule mtamu wa asubuhi sio ule wa jioni, unavyokaa ndo unavyozidi kuwa mkali, ule uliochacha, mkangafu, hauna mchezo. Kwa mzee kikombe kile kile alichokuwa anakunywa ana miaka 40 sasa kinampiga zaidi, na akichanganya na dawa za usingizi, presha au sukari ndo balaa. Akubali mambo matatu: ale kwanza, anywe mapema arudi kabla giza halijaingia, na asirudi peke yake kwenye njia ya mteremko. Mjukuu wa kumfuata kilabuni saa kumi na moja anaokoa nyonga. Komoni na kimpumu hivyohivyo. Gongo hiyo hapana, hakuna mjadala.

Mama analima kila siku, mazoezi ya nini tena?

Kulima ni kazi nzuri ya mwili na asiache kama anaweza. Lakini kulima umeinama hakufundishi mwili kujishika mguu mmoja ukiteleza. Kinachozuia kuanguka ni usawa na nguvu za mapaja, na hivyo vinataka zoezi lake. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha mazoezi ya usawa na nguvu yanapunguza kuanguka kwa karibu robo, na hakuna kidonge kinachofanya hivyo.

WHO wanashauri wazee wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile unayohema lakini unaweza kuongea, hapo kilimo, kutembea kwenda sokoni au kanisani vyote vinahesabika, halafu juu yake siku 3 au zaidi kwa wiki mazoezi ya usawa na nguvu.

Mazoezi gani hasa, na bila gym?

Gym ya nini. Anahitaji kiti kizito na ukuta.

La kwanza kuinuka na kukaa kitini, kama kile kipimo, ila polepole, hasa kule kushuka, asijitupe. Aanze na mara tano, apumzike, mara tano tena. Mwanzoni asukume na mikono, baadaye aache mkono mmoja, baadaye yote. La pili ashike mgongo wa kiti anyanyue visigino asimame kwa vidole, ashuke taratibu, halafu anyanyue vidole abaki na visigino. La tatu asimame mguu mmoja ameshika meza, sekunde kumi kila mguu, akizoea ashike kwa vidole viwili, kisha kimoja. La nne atembee kando ya ukuta kisigino kinagusa vidole vya mguu wa nyuma, kama anatembea juu ya tuta jembamba la majaruba. La tano atembee kiubavu huku na kule.

Dakika kumi na tano inatosha. Wakati mzuri ni ule ambao tayari ana mazoea nao: maji ya chai yakichemka, au taarifa ya habari ikianza redioni. Akifanya wiki mbili akaacha hamna kitu, faida inakuja baada ya miezi na inaondoka akiacha. Wakikusanyika wazee wanne watano wa jirani baada ya jumuiya inakwenda vizuri zaidi, wanacheka, wanataniana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa.

Goti linauma, si atajiumiza?

Kuuma kidogo wakati wa zoezi na kuisha kesho yake sio tatizo, goti la uzee linapata nafuu misuli ya paja ikiwa na nguvu. Aanze na kiti kirefu zaidi. Likivimba, likiwa la moto au likimnyima usingizi, aache akaonwe. Mwenye maumivu ya kifua au pumzi kukata aonwe na daktari kabla hajaanza chochote.

Ale nini mifupa iwe imara?

Tuna bahati huku, vyakula tunavyo. Shida ni kwamba mzee akibaki peke yake anakula ugali na mboga moja asubuhi hadi jioni, au chai na kiazi basi. Misuli inataka protini: maharage, njegere, mayai, maziwa, karanga, samaki. Mifupa inataka kalsiamu: maziwa na mtindi, na dagaa wanaoliwa na miba yake, usipa wa Ziwa Nyasa kutoka Kyela ni mzuri sana, wasioweza kutafuna wasagiwe unga uchanganywe kwenye mboga. Parachichi la Njombe au Rungwe linaongeza nguvu kwa mzee aliyekonda, maana mzee aliyekonda sana ana mifupa myepesi na hana nyama ya kumkinga akidondoka. Na jua, akae nje mikono na miguu ipate jua kidogo kila siku, haswa ile miezi ya ukungu ambayo watu wanajifungia ndani na makoti.

Tumbaku inadhoofisha mifupa. Ugoro nao ni tumbaku, bibi.

Macho je?

Mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu anaona tena, usimwache mzee apapase miaka kwa sababu "ndo macho ya uzee". Kama miwani yake ina sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, awe makini kwenye ngazi, akitazama chini kupitia ile ya kusomea ngazi inaonekana mahali ambapo haipo.

Baba anakataa fimbo, anasema sio mzee.

Wengi wanakataa fimbo ya hospitali lakini hawakatai bakora. Mpe nzuri iliyochongwa, aende nayo kwenye vikao, hapo ni heshima. Cha muhimu ni kimo: asimame wima na viatu vyake, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Bakora nyingi ni fupi mno au ndefu mno. Chini iwe na mpira, fundi viatu anakata wa tairi, na ukilika ubadilishwe. Na ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, sio upande wa mguu mbovu, watu wengi wanashika kinyume. Ngazi: kupanda anaanza mguu mzima, kushuka anaanza mguu mbovu na fimbo.

Tumemkataza kufanya chochote, anakaa tu kwenye kiti, si ni salama zaidi?

Hapana, na samahani kama hili litaudhi. Hili ndo kosa la upendo. Mama aliteleza mara moja, watoto wakakaa kikao, dada wa kazi kaletwa, mama asishike jembe, asichote maji, asiende hata kwa jirani. Kila mtu anasema wana huruma. Baada ya miezi sita mapaja yameisha, akitoka kwenye kiti anatetemeka, na sasa akienda choo ambako hakuna wa kumwendea, anaanguka kweli. Na mwenyewe anajaa hofu, hofu inamfanya atembee amekaza mwili na kutazama chini tu, mwendo huo nao unaangusha.

Mbadilishie kazi badala ya kumnyang'anya. Bustani ndogo ya mchicha karibu na mlango badala ya shamba la mteremkoni. Abebe lita tano sio ndoo ya ishirini. Aende kanisani kwa miguu na mjukuu pembeni, sio kwa bodaboda kila Jumapili. Achambue maharage akiwa amesimama mezani muda kidogo kisha akae. Mwacheni ajiinue mwenyewe kitini hata kama anachelewa, nyie mnaomkimbilia kumshika kwapa mnamwibia zoezi lake.

Ameanguka, nifanyeje?

Usimnyanyue. Najua mkono unawasha, lakini usimvute mikono. Kaa chini uongee naye, mwache ahemee. Muulize anaumwa wapi, aligonga kichwa, anakumbuka ilikuwaje. Angalia mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki, hicho kinaweza kuwa kiharusi na ni hospitali mbio.

Angalia miguu. Mmoja ukionekana mfupi na nyayo imegeukia nje, au anapiga kelele ukigusa nyonga, huo ni mvunjiko hadi eksirei iseme vinginevyo. Usimkande, usinyooshe, usimsimamishe kujaribu. Mfunike asipate baridi, weka mto katikati ya miguu, funga miguu yote miwili pamoja kwa khanga, mbebeni juu ya ubao au mlango mlioung'oa, na atafutwe gari, sio bodaboda. Kuna wanaotembea kidogo na nyonga iliyopasuka kwahiyo "mbona alitembea" sio ushahidi.

Kama hana maumivu makali na anataka kuinuka, muongoze ajiinue mwenyewe: ageukie ubavu, ajisukume awe kwa magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, msogezee kiti imara mbele, aweke mikono kwenye kiti, mguu wenye nguvu mbele nyayo chini, asukume, na wewe sukuma kiti kingine nyuma yake akae. Abaki amekaa kwanza. Mfundishe hili kabla hajaanguka, siku anayo nguvu, sakafuni kwenye godoro.

Na baadaye, mkishatulia, andikeni ilikuwa saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, kavaa nini, kameza nini. Kliniki watahitaji hayo kuliko kitu kingine.

Kuna mzee kijijini anaunga mifupa, tuanzie kwake?

Kwa nyonga hapana. Nyonga iliyovunjika haiungwi kwa kukandwa, kawaida inahitaji upasuaji, na inatakiwa mgonjwa aanze kusimama mapema. Akilala wiki tatu nyumbani anasubiri iunge ndo tunaona vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni, na hivyo ndo vinavyoua, sio mfupa wenyewe. Rufaa ya kanda Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa wako, muulizeni daktari wa kituo cha karibu wapi kuna daktari wa mifupa.

Aligonga kichwa wiki mbili zilizopita, alikuwa sawa, sasa anachanganya maneno na kusinzia.

Hospitali leo, sio kesho. Kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikaja baada ya siku nyingi au wiki kadhaa. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asisubiri hata dalili, aende siku hiyohiyo aliyogonga.

Watu wanasema kuna mkono wa mtu.

Hatuji kubishana na imani ya mtu kwenye ukurasa huu. Lakini mzee ambaye hajawahi kuanguka halafu kwa wiki moja ameanguka mara tatu, mara nyingi ana ugonjwa mwilini: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa damu, mapigo ya moyo yaliyovurugika. Kwa wazee homa inaweza isipande kabisa, kinachoonekana ni kuanguka na kuchanganyikiwa. Apimwe kwanza. Wanaotaka kuombewa waombewe, kipimo hakizuii.

Sisi tuko Dar, mama yuko peke yake kijijini Kilolo.

Mnunulieni kitochi, ile simu ndogo ya batani, aivae shingoni kwa kamba, inampa tochi na simu kwa pamoja, chaji inakaa siku kadhaa, na wekeni namba ya jirani kwenye kitufe kimoja cha kubonyeza. Kisha kubalianeni na jirani kitu kinachoonekana: pazia lisipofunguliwa hadi saa mbili asubuhi, aje agonge. Mzee aliyekaa chini kwenye baridi kutwa nzima anaharibika hata kama hakuvunjika. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji kuhusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ampitie. Na hela mnayotuma ya kitenge cha Krismasi mwaka huu itumeni kwa fundi, aweke kishikio chooni.

Matibabu ya wazee si ni bure?

Wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Kivitendo anzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji na ustawi wa jamii apate utambulisho wake mapema, usisubiri siku ya kuvunjika, na ukifika kituoni ulizia dirisha la wazee.

Kitanda kiwe na kimo gani?

Akikaa ukingoni nyayo zote mbili zilale sakafuni na magoti yawe chini kidogo ya nyonga au usawa wake. Kikiwa kifupi kiwekwe juu ya tofali nne zilizokaa imara, kikiwa kirefu seremala akate miguu. Godoro lililobonyea katikati libadilishwe.